Kobalti na kota: juu ya nini makamyo ya kobalti hayavuki Kasumbalesa kama zamani

Tangu tarehe 16 mwezi wa kumi 2025, kobalti haiwezi kutoka Congo kwa sababu tu sosyete imeichimba, imeisafisha na imepata kamyo. Inapaswa kwanza kuwa na kota, ni kusema kiasi cha tani chenye Leta imeipatia sosyete ile kwa muda fulani. Kota ikiisha, mlango unafungwa, hata kama depo imejaa mpaka kwenye bati.

Mu Kampemba hakuna mugodi mukubwa wa kobalti. Lakini habari hii inagusa Kampemba pengine kuliko komine zingine za Lubumbashi. Quartier Industriel ni depo, gareji, pakingi za makamyo na viwanda. Kuna madereva wanaopanga vyumba Bel-Air na Bongonga, wadeklarani wa duane wenye kazi yao ni karatasi tu, watu wa kubeba mizigo, vijana wa kushona maturubai, wamama wanaopika bukari mbele ya magari. Watu hawa hawaandikwe ku mukataba wa sosyete hata moja ya migodi, na siku kobalti inasimama, hakuna mutu anawatumia barua ya kuwaeleza.

Kwa hiyo inafaa kueleza polepole: kitu gani kilibadilika, nani alibadilisha, karatasi gani zinaombwa leo, na kwa nini mambo yanachelewa.

Mali ya kawaida na mali ya kuchungwa

Kobalti inaingia ndani ya batri za telefone, za kompyuta na za motokari za umeme. Inaingia pia ndani ya madini magumu ya kutengenezea moteri za ndege, zikiwemo ndege za vita, kwa sababu inavumilia moto mukali. Ndiyo sababu inchi kubwa zinaiweka kwenye liste za mali za kuchungwa. Na karibu robo tatu ya kobalti yote ya dunia inatoka hapa, Haut-Katanga na Lualaba.

Kwa muda mrefu sheria ya Congo haikuona tofauti kubwa kati ya kobalti na shaba. Badiliko la kwanza lilikuja na Kode ya Migodi mupya ya tarehe 9 mwezi wa tatu 2018. Kode ile ilimupatia waziri mukuu uwezo wa kutangaza kwamba mali fulani ni ya «strategia». Tarehe 24 mwezi wa kumi na moja 2018, amri ilitoka: kobalti, germaniumu na coltan zikawekwa mu kundi lile. Kodi yenye inaitwa redevance ikapanda kutoka asilimia 3,5 mpaka asilimia 10. Masosyete yalilia sana, lakini yalilipa.

Mwaka uliofuata, mwezi wa kumi na moja 2019, serikali ikaunda vyombo viwili. Kimoja ni Entreprise Générale du Cobalt, EGC, cha kununua kobalti ya wachimbaji wa mikono. Kingine ni ARECOMS, cha kusimamia soko la mali hizi za strategia. Kwa miaka mitano hivi watu wengi hawakuisikia hata kidogo ARECOMS. Jina lake lilikuja kujulikana kwa ghafula mwanzoni mwa 2025.

Siku mlango ulifungwa

Bei ya kobalti ilikuwa imepanda sana mu 2022, ikapita dola 80 000 kwa tani. Kiisha ikaanza kuanguka. Mwanzoni mwa 2025 ilikuwa karibu dola 21 000 au 22 000. Sababu si kwamba dunia haitaki tena kobalti. Sababu ni kwamba kobalti ilikuwa nyingi mno sokoni, na sehemu kubwa ya ile ziada ilitoka papa hapa. Sosyete moja peke yake, CMOC ya China, yenye migodi ya Tenke Fungurume na Kisanfu, ilitoa zaidi ya tani 114 000 mu 2024.

Hapa kuna jambo moja ambalo bila kulielewa mutu hataelewa kinachobaki. Mu Katanga, kobalti na shaba zinalala kitanda kimoja. Sosyete inachimba kwa ajili ya shaba, na kobalti inakuja nyuma kama mboga juu ya bukari. Bei ya shaba ikiwa nzuri, sosyete itaendelea kuchimba, na kobalti itaendelea kutoka hata kama hakuna anayeitaka. Soko peke yake haliwezi kuizuia. Hiyo ndiyo ilikuwa hoja ya serikali.

Tarehe 22 mwezi wa pili 2025, ARECOMS ikasimamisha kutoa kobalti yote inje, ya kiwanda na ya mikono, kwa miezi mine. Mwezi wa sita, kabla muda haujaisha, ikaongeza miezi mitatu. Mwezi wa tisa ikatangaza kwamba mlango utafunguliwa tarehe 16 mwezi wa kumi, lakini si mlango mupana kama ule wa zamani.

Katika miezi hiyo yote migodi haikusimama. Makamyo ya shaba yaliendelea kuvuka. Congo inatoa zaidi ya tani milioni 3 za shaba kwa mwaka, kwa hiyo aliyesimama Kasumbalesa aliona foleni kama kawaida na angeweza kufikiri hakuna kilichobadilika. Kobalti ndiyo ilibaki nyuma, ndani ya mifuko mikubwa, ikipangwa depo juu ya depo. Inje, wauzaji walianza kuwaambia wateja wao kwamba hawawezi kutimiza mikataba: ERG, Glencore, kiisha IXM, tawi la biashara la CMOC.

Kota yenyewe

Kwa muda uliobaki wa 2025, Congo nzima iliruhusiwa kutoa tani 18 125: tani 3 625 mwezi wa kumi, tani 7 250 mwezi wa kumi na moja, na 7 250 mwezi wa kumi na mbili. Kwa 2026 ni tani 96 600 kwa mwaka mzima, na kwa 2027 vilevile. Katika hizo 96 600, tani 87 000 zinagawanywa kwa masosyete, na 9 600 ni za ARECOMS yenyewe, kwa ajili ya miradi yenye serikali inaona ni ya lazima.

Namba hizi zinaonekana kubwa mpaka mutu azigeuze kuwa makamyo. Kamyo moja inabeba kama tani 30 za hidroksidi, ule unga wenye unyevu ambao ndio viwanda vyetu vinatoa. Ndani ya hidroksidi ile, kobalti yenyewe ni kama asilimia 30, tukiacha maji. Ni kusema tani 9 kwa kamyo. Tani 96 600 ni kama makamyo 10 700 kwa mwaka, yaani 29 hivi kwa siku. Mu 2024, kufuatana na hesabu ya wataalamu wa Marekani, Congo ilitoa kama tani 220 000 za kobalti. Kwa hesabu ileile ni makamyo 67 kwa siku. Hesabu hii ni ya karibu tu, si ya mizani, lakini inaonyesha ukubwa wa jambo: zaidi ya nusu ya safari za kobalti zimeondoka njiani, na zimeondoka kwa miaka miwili angalau.

Kwa dereva anayelipwa kwa safari, hiyo ndiyo maana ya neno «kota».

Kugawanya kulifanyika kufuatana na tani ambazo kila sosyete ilikuwa ikitoa zamani. Kwa hiyo wakubwa wa zamani, CMOC na Glencore, ndio walipata sehemu kubwa. Ni njia rahisi kuhesabu, lakini ina kasoro yake: sosyete iliyoleta mafuriko sokoni inapewa sehemu kubwa kwa sababu ilileta mafuriko, na ile ndogo iliyokuwa inaanza inabaki ndogo. Kota hairuhusiwi kuuzwa wala kupewa sosyete ingine. Anayedanganya anaweza kunyanganywa kota yake, na rais Félix Tshisekedi mwenyewe aliambia baraza la mawaziri mwezi wa kumi 2025 kwamba watakaovunja sheria hii wataondolewa ku mupango huo. ARECOMS imejipatia pia haki ya kununua stoki yenye inapita kiasi kilichoruhusiwa kwa miezi mitatu.

Karatasi, na nani anaweka kashe

Hapa ndipo mambo yalikwama, na hapa ndipo mudeklarani wa Kampemba anajua kuliko mutu wa Kinshasa.

Kabla ya kota, mutu aliyetaka kutoa mali ya mugodi alikuwa tayari na safari ndefu. Benki inampatia lisansi ya kutoa mali, ile yenye wanaita modèle EB, ili Benki Kuu ijue feza gani itarudi. Kode ya 2018 inaomba asilimia 60 ya feza irudi inchini wakati sosyete bado inajilipa gharama zake, na yote kiisha hapo. CEEC inaangalia ubora na thamani. OCC inapima. Duane, DGDA, inapokea tamko. Kuna pia wapimaji wa mionzi, ambao tutarudi kwao.

Mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja 2025, waziri wa migodi na wa feza walitoa barua ya pamoja yenye iliongeza hatua. Sosyete inapaswa kuwa na karatasi ya kuhakikisha kwamba bado iko ndani ya kota yake. Mali inachukuliwa eshantiyo, inawekwa ku mizani na kufungwa na alama mbele ya wajumbe wa vyombo mbalimbali kwa pamoja. Na kodi ya asilimia 10 inalipwa mbele, ndani ya saa 48 kiisha tamko, kabla kamyo haijaondoka.

Kulipa mbele si kitu kidogo. Hidroksidi yenye inatoka Katanga inapita Zambia, inaenda bandarini Dar es Salaam, Durban au kwingine, inapanda meli mpaka China. Inaweza kuchukua miezi mitatu. Zamani sosyete ilikuwa na nafasi ya kupumua. Sasa inatoa feza leo kwa mali ambayo haijauzwa bado. Kwa sosyete kubwa ni hesabu ya benki. Kwa ndogo ni swali la kuishi au kufunga.

Kwa upande wa Leta, hoja inaeleweka vilevile. Kodi ambayo inalipwa kiisha mali kuondoka ni kodi ya kukimbizwa. Congo imekimbiza kodi za namna hii tangu zamani, na mara nyingi bila kuzishika.

Lakini mwaka ulipoisha, kota za miezi mitatu ya mwisho zilikuwa hazijatumika kama ilivyopangwa. Mlango ulikuwa wazi ku karatasi na umefungwa ku barabara, kwa sababu hatua mpya zilikuwa bado hazijajulikana na wanaopaswa kuzifanya. ARECOMS ikalazimika kuongeza muda: tani za 2025 ziruhusiwe kutoka mpaka mwisho wa mwezi wa tatu 2026. Mutu yeyote aliyefanya kazi ya duane angeweza kusema mapema kwamba itakuwa hivyo. Huwezi kuweka kashe mpya tano juu ya kashe za zamani bila kuondoa hata moja, kiisha ushangae foleni. Kila kashe ni meza, na kila meza ina saa yake ya kufungua na siku yake ya kupumzika.

Feza inaenda wapi

Swali linalorudi sana ni hili: tani zikipunguka nusu, Leta haipotezi?

Tuchukue mfano. Tani 100 kwa bei ya dola 20 000 ni dola milioni 2. Kodi ya asilimia 10 ni dola 200 000. Tani 50 kwa bei ya dola 45 000 ni dola milioni 2 na 250 000. Kodi ni 225 000. Nusu ya mali, kodi kubwa kidogo, na tani 50 zingine zimebaki chini ya ardhi au mu depo. Hidroksidi haiuzwi kwa bei kamili ya kobalti safi, lakini njia ya hesabu ni ileile. Na bei kweli ilipanda: kiisha kutangazwa kwa kota ilipita dola 40 000. Ku upande huu, serikali iliona sawa.

Dola 225 000 zile za mfano zinagawanywaje? Kode ya Migodi inasema asilimia 50 kwa serikali ya Kinshasa, 25 kwa jimbo, 15 kwa eneo lenye mugodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo, FOMIN. Ni 112 500, 56 250, 33 750 na 22 500. Komine ya Kampemba, isiyokuwa na mugodi, haimo ku ile asilimia 15. Faida yake ilikuwa inapita ku mishahara, ku kodi za nyumba, ku sahani za bukari. Bei ikipanda na safari zikipunguka, feza inatoka mfukoni mwa dereva na kuingia ku kaunti ya Leta. Si lazima kuwa mabaya, kama Leta itairudisha kwa njia ya barabara na maji. Lakini mupango wa kota hauna sura hata moja inayozungumza juu ya watu wa njiani.

Wachimbaji wa mikono, ba-krezeri, wana shida yao ingine. Kwa sheria, kobalti yao inapaswa kupita EGC. Ku mazoea ilipita kwa wanunuzi wa depo. Mlango ulipofungwa, wanunuzi walipunguza bei au waliacha kununua, na krezeri hana depo ya kungojea bei irudi. Anakula ya leo.

Si mara ya kwanza

Wakaaji wa Kivu na Maniema wanajua hadithi hii kwa jina lingine. Mwezi wa tisa 2010, rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji wa mikono mu Nord-Kivu, Sud-Kivu na Maniema. Miezi miwili mbele, Marekani ilikuwa imepitisha sheria ya Dodd-Frank yenye kuomba masosyete yaseme kama madini yao yanatoka mu vita vya Congo. Zuio liliondolewa mwezi wa tatu 2011. Katika miezi ile, watu wenye silaha hawakuacha kazi. Walioacha ni wachimbaji, wauza chumvi na watoto wa masomo. Kiisha hapo ndipo zilikuja etiketi za mifuko na setifika ya CIRGL, ambazo zilipaswa kutangulia zuio, si kulifuata.

Katanga nayo ina yake. Mu 2013 serikali ilikataza kutoa shaba na kobalti ambazo hazijasafishwa, ili viwanda vijengwe hapa. Wazo zuri. Lakini umeme haukutosha, na ruhusa za pekee zikaanza kutolewa, kiisha zikaongezwa, tena na tena. Sheria yenye inaishi kwa ruhusa za pekee inakuwa sheria ya wenye kujulikana. Hili ndilo la kuchunga sana ku kota: zile tani 9 600 za ARECOMS zinapewa nani, na liste inabandikwa wapi?

Kuna tena uraniumu. Ku Shinkolobwe, karibu na Likasi, Union Minière ilichimba uraniumu yenye Edgar Sengier alipeleka New York mu 1940, zaidi ya tani elfu moja, na Wamarekani wakainunua mu 1942 kwa ajili ya bomu la Hiroshima. Hakuna mutu wa Katanga aliyeulizwa. Leo hakuna mali inayochungwa duniani kuliko ile. Shinkolobwe ilifungwa kwa amri mwanzoni mwa 2004, na bado miezi michache kiisha amri watu walikufa pale wakati shimo liliporomoka, kwa sababu amri ilitoka Kinshasa na wachimbaji walikuwa bado ndani.

Uraniumu haiko mbali na kobalti. Mwezi wa kumi na moja 2018, Kamoto Copper Company ya Glencore, kule Kolwezi, ilisimamisha yenyewe kuuza kobalti kwa sababu uraniumu ndani yake ilipita kipimo kinachokubaliwa bandarini. Ndiyo maana kamyo ya kobalti inapimwa mionzi kabla ya kuondoka. Kipimo kile si cha kuongeza foleni tu. Kinamlinda dereva anayelala chini ya kamyo yake siku tatu mpakani, na yule mama anayeuza chakula pembeni. Kati ya kashe zote, hii ndiyo ya mwisho ambayo mutu angetaka kuona inaondolewa.

Kilima cheusi na mlango wa Wachina

Mutu anayetoka Kampemba kwenda katikati ya muji anakiona kile kilima cheusi cha Gécamines karibu na shimini. Kwa miaka mingi kilikuwa takataka. Ndani yake kuna germaniumu, mali inayotumika ku lenzi za kuona usiku na ku kamba za intaneti za mwangaza. China ndiyo ilikuwa inaongoza soko lake. Tarehe 1 mwezi wa nane 2023, China iliamua kwamba germaniumu na galiumu hazitatoka bila lisansi ya serikali. Mwezi wa kumi na mbili 2024 ikafunga kabisa kwa Marekani. Bei ikapanda, na wanunuzi wakaanza kutafuta kilima chetu. Mwezi wa kumi 2024, kiwanda cha STL cha Gécamines kilipeleka germaniumu yake ya kwanza kwa sosyete Umicore, Ubelgiji.

Mfano huu una fundisho mbili zisizofanana. Ya kwanza: inchi yenye mali ya lazima inaweza kutumia lisansi kama silaha, na dunia itakaa chini kuongea. Congo iliona hilo. Ya pili: mnunuzi akifungiwa mlango mumoja, anatafuta mwingine. China ilifunga germaniumu, Lubumbashi ikafaidika. Congo ikibana kobalti, Indonesia, ambayo ni ya pili duniani, itafaidika; na viwanda vya motokari vitazidi kutumia batri zisizo na kobalti, ambazo tayari ni nyingi sana China. Bei ya juu inatamu, lakini bei ya juu sana inamfundisha mnunuzi kukusahau.

China inatoa lisansi kwa sababu za siasa na za jeshi. Inchi zinazouza vifaa vya nyuklia zinatoa lisansi ili kuzuia bomu. Congo imefanya tofauti kidogo: imechukua chombo cha usalama na kukitumia kwa ajili ya bei. Hakuna ubaya. Ila chombo cha bei kinahitaji kusikia soko kila mwezi, na hapo ndipo kota ya miaka miwili inaweza kuwa nzito.

Kitu gani kinaweza kurekebishwa

Watu wa kazi ya usafiri na ya duane hawaombi kota iondolewe. Wengi wanakubali kwamba kobalti ya bure ilikuwa aibu. Maombi yanayosikika sana ni ya kawaida: hatua zote zifanyike mahali pamoja na siku moja, badala ya kila chombo kuja na kamyo yake; kota ya kila sosyete na tani zilizokwisha kutoka ziandikwe wazi, ili dereva ajue mwezi huu kuna kazi au hapana; na tarehe zikiwekwa, zitangazwe kabla, si kiisha.

Mupango wa kupita dirisha moja uko tayari inchini: Guichet unique ya biashara ya inje imekuwa ikifanya kazi kwa miaka mingi. Kilichobaki ni kuingiza karatasi ya kota ndani yake na kufuta kitu kingine. Kufuta ndiko kunauma, kwa sababu kila kashe ina mwenye wake.

Kuna pia jambo la viwanda. ARECOMS imesema kota zinaweza kubadilishwa kufuatana na soko, na kufuatana na maendeleo ya kusafisha kobalti hapa inchini. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye uzito kwa quartier Industriel. Mu 2022 Congo na Zambia zilikubaliana kutafuta kutengeneza batri pamoja, na ku Chuo Kikuu cha Lubumbashi kukafunguliwa kituo cha utafiti wa batri. Kusafisha hidroksidi mpaka kuwa chumvi ya batri kunaomba umeme usiokatika, asidi, na mafundi. Asidi iko. Mafundi wanaanza kutoka chuoni. Umeme, kila mutu mu Kampemba anajua saa yenye unaenda.

Mpaka hapo, kobalti ya Katanga inaendelea kutoka kama unga wenye unyevu ndani ya mifuko, makamyo 29 kwa siku kama kila kashe itakuwa mahali pake. Hesabu ya 2026 na ya 2027 ni moja. Kwa 2028 hakuna namba iliyotangazwa.